Kichwa cha Treni Kinachorudi Nyuma

Nilikwenda Tabora kumchukua baba yangu, siyo kumwomba. Hilo lieleweke tangu mwanzo. Mimi ni muuguzi, tena msimamizi wa wodi huko Dodoma, na nimezoea kumwambia mtu geuka akageuka. Baba alikuwa amesahau sufuria jikoni mpaka maharage yakawa mkaa, pazia likashika moto, na jirani akaja na ndoo. Kabla ya hapo aliteleza bafuni akakaa chini asiweze kunyanyuka, na hakunieleza. Nilisikia kwa watu. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Mama alishatangulia, Mungu amrehemu. Basi nikaomba likizo, nikaandaa chumba, nikanunua godoro gumu kwa ajili ya mgongo wake, nikapanda basi.

Nilimkuta Gongoni, kwenye nyumba ile ile tuliyozaliwa, amekaa barazani na kofia yake ya kufuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Begi kubwa hilo, unahamia?"

"Ni tupu, baba. La nguo zako."

Akainua kikombe cha kahawa, kikagonga meno, akakirudisha kwenye kisahani bila kunywa. Baba yangu hajui kukataa kwa kelele. Hukataa kwa kunyamaza, na akishanyamaza ni heri ugombane na ukuta, maana ukuta angalau unaweza kuubomoa.

Asubuhi yake nikasikia sauti nje, ya mzee, nzito na ya kujiamini kama ya mwenye nyumba.

"Mpagazi, umeamka au mzigo umekulalia?"

Na baba, huko chumbani, akajibu hapo hapo kana kwamba jibu alilala nalo mdomoni: "Subiri nivae, mla nazi wewe."

Huyo alikuwa mtani wake. Ni Mzaramo, reli ilimleta Tabora akiwa kijana, akaoa hapa, akamzika mke hapa, na Pwani hakurudi tena. Alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Baba ni Mnyamwezi, na nani asiyejua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani? Utani wao ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipotoka huku na pembe mabegani, wakapita Kwihara, wakatembea miezi mpaka Pwani, wakakutana na babu zao. Wanasema walianza kwa kugombana, wakachoka, wakakubaliana kutaniana milele. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako humdai. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha watu msibani kwako.

Wawili hawa walifanya kazi kwenye vichwa vya treni vya mvuke, zamani hizo kabla dizeli haijavifukuza. Mzaramo alikuwa dereva, baba alikuwa mchochea moto.

"Nimemlishia huyu moto ujana wangu wote," baba alipenda kusema. "Yeye kakaa kwenye kiti, anachungulia dirishani kama bibi harusi."

"Kwani babu yako hakubeba?" mtani humjibu. "Kazi ya ukoo hiyo. Nilikuwa nakutunzia mila."

Sasa, chini ya kitanda cha baba kulikuwa na boksi. Mdogo wangu anaishi Ulaya, na Idi moja alimtumia baba zawadi: kichwa cha treni cha mvuke, kidogo, cha kukaa mezani, lakini kimekuja vipande vipande, ukiunganishe mwenyewe. Siyo cha watoto kuchezea. Kina boila ya shaba nyeupe na nyekundu, pistoni, vali, magurudumu ya chuma. Unakitia maji, unakiwashia moto wa spiriti kwa chini, maji yakichemka kinatembea kwa mvuke wake. Boksi lilikuwa halijafunguliwa. Jioni ile, nilipokuwa nakunja nguo zake bila kuulizwa, baba aliinama akalivuta, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Tuwekeane sharti," akasema. "Nikikiunganisha hiki kwa mikono yangu, kikatembea mbele ya macho yako, unarudi Dodoma na begi lako tupu, na suala la kunihamisha hulitaji tena. Kisipotembea, nalijaza begi mwenyewe na sitanung'unika."

"Kabla likizo yangu haijaisha."

"Kabla haijaisha."

Nilikubali upesi, maana ile mikono nilikuwa nimeiona. Nilifungua kimfuko kimoja nikatazama skrubu zake. Zilikuwa ndogo kama punje za uwele. Mtu ambaye kikombe kinamgonga meno atazishikaje hizo? Moyoni nikajua nimeshinda. Nilimwonea huruma, naam, lakini godoro lilikuwa limeshanunuliwa.

Kesho yake meza ya sebuleni ikatandikwa shuka jeupe. Vipande akavimwaga kwenye ungo wa marehemu mama, akawa anavichambua kama anavyochambua mchele, huku anavitaja. Hii fimbo ya kusukuma gurudumu. Hiki kifuniko cha silinda. Huu mlango wa mvuke. Nati akaziweka kwenye vikombe vya kahawa, skrubu kwenye vifuniko vya chupa. Kulikuwa na kitabu cha picha kinachoonyesha nini kinaingia wapi. Yeye na mtani wake walikifunua ukurasa wa kwanza, wakatazamana.

"Aliyechora hapa hajawahi kuungua mkono," mtani akasema.

"Hata nguo haijawahi kumchafuka," baba akasema, na kitabu kikaenda kukaa juu ya kabati.

Mimi nilizunguka zunguka na kazi zangu za nyumbani, lakini masikio yalikuwa sebuleni. Nilikuwa sijamsikia baba akiongea hivyo tangu mama aondoke. Kwenye simu alikuwa mtu wa maneno matatu: mzima, nimekula, haya. Hapa alikuwa anafundisha, anabisha, anaimba puani. Alinieleza namna mvuke unavyoingia upande huu wa pistoni ukaisukuma, halafu ukaingia upande ule ukairudisha, kwenda na kurudi, na gurudumu linapokea. Nikasema ndiyo baba, ndiyo baba, nikajikuta nimekaa kabisa, na wali unaungua.

Walipofika kwenye boila ndipo lilipotokea la Tabora, nchi ya asali. Boksi lilikuja na vipete vya mpira vya kuzibia maungio ya mabomba. Baba alivibinya kwa vidole, akavidharau. Vyembamba mno, akasema, hivi vya kuzibia chupa ya soda. Akachukua uzi wa pamba, akausugua kwenye bonge la nta ya nyuki mpaka ukawa wa manjano, akazungushia kila ungio. Na nani wa kumlaumu? Huku kwetu kuna kitu gani nta haijaziba: mtungi ukipasuka ni nta, dumu la asali likivuja ni nta. Mtani mwenyewe aliutazama ule uzi akasema kazi hiyo ya kiume.

Wakakijaribu. Spiriti ikawaka, moto wa bluu usioonekana vizuri. Tukangoja. Kitu cha kwanza kuja kilikuwa harufu, harufu tamu, nyumba nzima inanukia mzinga. Halafu nta ikaanza kudondoka kwenye shuka, tone baada ya tone, na mvuke ukatoka kila mahali isipokuwa pale ulipotakiwa. Magurudumu hayakutikisika. Badala ya treni kutembea, nyuki watatu waliingia dirishani kuulizia.

"Mnyamwezi," mtani akasema, "umpe moto, umpe maji, umpe chuma cha Ulaya, bado atakutengenezea mzinga."

Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Kisha nikamwona baba. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa, mikono ameibana katikati ya magoti ili isionekane inavyotetemeka, anatazama lile shuka. Baba yangu alikuwa anaogopa. Nimemwona akizika mke, nimemwona akistaafishwa, sikuwahi kumwona anaogopa. Kicheko kikanikauka. Usiulize kwa nini sikusema papo hapo basi baba, yaishe. Nilidhani woga ule ungemalizika tukifika Dodoma.

Siku iliyofuata nilikwenda sokoni kutafuta karanga na kisamvu, nikarudi mapema kuliko nilivyosema. Nikapita dirisha la sebuleni. Ndani nikamwona mtani ameinama juu ya kile kichwa cha treni, bisibisi mkononi, miwani imeteremka puani. Baba alikuwa pembeni ananyoosha kidole. "Kulia. Nusu. Robo tena. Basi." Mzaramo anakaza, baba anaelekeza. Nikakumbuka siku zote nilizowaacha peke yao, na skrubu zote zile ndogo kama uwele ambazo nilishangaa zimeingiaje.

Niliingia na kapu langu hata viatu sijavua.

"Baba, tulisema mikono yako."

"Ni mikono yangu."

"Hiyo ni mikono ya mzee huyu."

"Huyu nani? Huyu mtani wangu. Mwaka juzi alichukua jogoo wangu mchana kweupe, akamchinja, akanialika nikamle. Nilimdai? Sikumdai, kwa sababu jogoo wangu ni wake. Basi na mkono wake ni wangu. Haiwezekani sheria ifanye kazi wakati wa kuchukua tu, wakati wa kutoa ilale."

"Sheria ya utani haizimi moto jikoni, baba."

"Ile ndoo aliileta nani?"

Sikuwa nimeuliza. Niliambiwa jirani, nikajijazia mwenyewe jirani gani. Mtani alikuwa anaitazama skrubu kama anaisoma.

"Na kule bafuni nani alininyanyua," baba akaendelea, "tena huku ananicheka? Sikiliza mwanangu. Kwako nitaamkiwa. Mumeo ataniamkia, wanao wataniamkia, majirani zako wataniamkia. Nikiingia mtanisogezea kiti, redio mtaipunguza. Hakuna atakayeniambia mimi ni mjinga. Hakuna. Nitakufa kwa heshima."

"Watu wanakufa kwa maradhi, baba."

"Wewe ni muuguzi, unawajua wa maradhi. Wa heshima hawaletwi hospitali."

Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo hata havikuhitajika. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kukaa. Baadaye nikarudi mlangoni nikawaambia fanyeni mnavyotaka, mimi ninachosubiri ni kuona kinatembea. Wakafungua maungio yote, wakakwangua nta, wakarudisha vile vipete vya mpira vya chupa ya soda. Kitabu cha picha kikashushwa kabatini, ingawa baba alikishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya.

Siku ya mwisho ya likizo yangu ilikuwa ndiyo siku ya jaribio. Mdogo wangu alikuwa ametuma na reli, vipande vya kutosha kutoka mguu wa kochi mpaka karibu na mlango. Tulizipanga sakafuni. Nilitoka kwenda duka la dawa kununua spiriti, niliporudi nikawakuta wote wawili wananisubiri, baba amevaa shati lake la mikono mirefu amefunga vifungo mpaka shingoni, mtani amevaa kanzu. Kile kichwa kilikuwa kimesimama kwenye reli karibu na mguu wa kochi, kinang'aa, kimeelekea mlangoni.

Baba alipiga magoti. Nikataka kumsaidia, nikajizuia. Akawasha. Tukangoja maji yachemke, na yeye akawa ameinamisha sikio. "Kinapumua," akasema taratibu. Kisha akanyoosha kidole chake kinachotetemeka mpaka kwenye kile kishikio kidogo cha mvuke. Mara ya kwanza kidole kilikikosa. Mara ya pili kikakipata.

Kichwa cha treni kikatikisika, kikatema maji, kikaanza kwenda. Kikarudi nyuma. Kiliondoka pale kilipokuwa kwa nguvu, kinyumenyume, kikagonga mguu wa kochi, kikabaki pale kinazungusha magurudumu na kuhema.

"Kimerudi nyuma," nikasema.

Baba alizima moto, akakinyanyua kwa kitambaa, akakipindua. Akatazama muda mrefu.

"Haya mabomba mawili ya mvuke yamebadilishana," akasema. "La mbele liko nyuma. Jana jioni yalikuwa sawasawa, niliyaona yakikazwa."

Akainua macho kwa mtani wake. Mzaramo alikuwa ameuma midomo, mabega yanamtikisika, mpaka kofia ikamdondoka.

"Treni ya Mnyamwezi," akasema, "lazima irudi kwanza ikaangalie mzigo umebaki wapi."

Nilimtazama baba nikidhani leo utani umekufa. Alimkodolea macho mwenzake, uso umekaza. Halafu kitu kikamlegea, akacheka. Alicheka akiwa chini pale pale sakafuni, akakohoa, akacheka tena, akafuta machozi kwa kile kitambaa cha moto akajipaka masizi usoni.

Mimi sikucheka. Nilimwomba mtani tutoke barazani, nikamfungulia moyo.

"Mzee, nakuheshimu, lakini umeichezea nyumba ya baba yangu. Ulijua sharti lenyewe. Ningesema hapana, ungemwambia nini?"

Aliketi kwanza. Pale nje, mbali na baba, alionekana mzee kuliko nilivyomzoea.

"Leo asubuhi nimekuja," akasema, "nimemkuta ameshavaa, yuko mlangoni ananisubiri. Miaka yote hiyo hajawahi kunisubiri, ni mimi humsubiri. Nikajua anaogopa. Na mimi, mwanangu, nilikuwa naogopa kuliko yeye. Wewe ukimchukua, mimi nabaki na nani? Nikafungua mdomo nimtukane, tusi likakataa kutoka. Sasa mtani akija siku kama hiyo na maneno mazuri, mwenzake si atajua mambo yameharibika? Nikamwomba maji ya kunywa. Alipoingia ndani nikayabadilisha mabomba, nati mbili tu. Niliona heri ashindwe akiwa anacheka."

Nilisimama nikitazama barabara na watu wakipita na baiskeli.

"Nyie huko nje," baba akaita. "Tulisema kitembee. Hatukusema kielekee wapi."

Ningeweza kubisha. Kwa haki kabisa ningeweza. Nilikifikiria chumba nilichokiandaa, nililifikiria lile godoro, nikamfikiria baba amelala juu yake kutwa nzima, redio imepunguzwa, kila mtu anapita kwa kunyata.

"Kimetembea, baba," nikasema.

Hakunishukuru. Alisema nilete chai, na huyu mla nazi asitiliwe sukari. Kabla ya kuondoka nilimwita fundi akaweka vyuma vya kushikia bafuni, pazia la jikoni nikaling'oa, na ufunguo wa pili wa nyumba nikampa mtani. Begi halikurudi tupu. Baba alilishindilia michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga na dumu la asali, na dumu, afadhali niseme, lilizibwa kwa nta na halikuvuja hata tone mpaka Dodoma.

Baada ya hapo, kila nikipiga simu asubuhi nilisikia watu wawili. Nikimuuliza baba hali, sauti ya nyuma inajibu kwa niaba yake: mwambie hajambo, mzigo haujamlalia. Wakati mwingine nilisikia na mlio mdogo wa chuma, na baba ananiambia ngoja kwanza, kinapita.

Mabomba hawakuyarudisha. Ikawa ndiyo desturi yake, kinaanzia mlangoni na kurudi nyuma mpaka kochini.

Mvua zilipokwisha, baba alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hafanyi.

"Mzaramo kaniwahi," akasema.

Alijilaza kwenye mkeka wake baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Maziko yalisubiri wanawe watoke Dar es Salaam, kwa hiyo na mimi niliwahi. Niliketi ndani na wanawake wenzangu. Nilitafuta kumwona baba, sikumwona, mpaka jeneza lilipoinuliwa. Hapo ndipo nikamwona: amelala chali kizingitini, kanzu nyeupe, fimbo kifuani, ameziba mlango.

"Hapiti mtu," akasema. "Huyu Mzaramo anaondoka bila kuaga. Hii tabia ya wapi? Maisha yangu yote ananigongea mlango alfajiri, leo naja kumgongea mimi amelala. Uvivu huu wa kula nazi. Nataka nazi yangu, nisipopewa nazi mtazika mlango."

Watu wakaangua kicheko, na waliocheka ndio hao hao waliolia. Watoto wa marehemu hawakukasirika; mkubwa wao alimtuma mtu mbio sokoni, na watu wote na jeneza lao wakasubiri. Baba akaendelea pale chini. Aliigiza sauti ya mwenzake, aliigiza anavyopunga mkono akiwa dereva, akasema malaika wajiandae, wamepata mtu wa kukaa dirishani. Nazi ikaja. Aliitikisa sikioni, akaridhika, akanyanyuliwa.

Kisha akawasogeza vijana waliokuwa wamebeba upande wa mbele.

"Pisheni," akasema. "Mpagazi hapa ni mimi. Kubeba ni kazi ya ukoo wetu."

Akaingiza bega. Hatua chache tu, mwili wote unatetemeka, mmoja wa watoto wa marehemu akimshikia kiwiko kwa nyuma. Hapo sikuweza tena. Nililia kwa sauti, mimi ninayewaambia wenzangu wodini wajikaze.

Nilirudi kazini. Kila asubuhi nikapiga simu. Mzima. Nimekula. Haya. Yakarudi maneno yake matatu, na nyuma yake kimya, hata ule mlio wa chuma haupo. Baada ya arobaini akasema la nne.

"Njoo na lile begi."

Unaweza kudhani nilifurahi. Nilikuwa nimelitaka neno hilo kwa nguvu zote, na lilipokuja nilikaa chini kwenye ngazi za wodi nikashindwa kunyanyuka.

Nilimkuta nguo zimeshakunjwa. Kile kichwa cha treni kilikuwa mezani, kimefutwa, kimelazwa kwenye taulo tayari kwa safari, na nazi ya msibani pembeni yake, haijavunjwa. Nikakipindua nikayaona yale mabomba mawili.

"Nikurudishie baba? Ni nati mbili tu. Kiende mbele."

"Usiguse," akasema. "Hivyo ndivyo alivyokiacha."

Asubuhi ya safari aliswali alfajiri, akarudi chumbani, akafunga mlango. Nikachemsha chai. Nikafunga begi. Ikafika ile saa, saa ambayo miaka yote kulikuwa na sauti pale barazani, na nyumba ikawa kimya. Najua alikuwa macho. Najua alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anaisikiliza ile saa ikipita.

Nilitoka nje. Nikasimama pale alipokuwa akisimama yule mzee. Sijawahi kumtamkia baba yangu neno baya hata moja, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto wanaokaribia kuoa. Mdomo ulikauka. Nikamwelewa Mzaramo na maji yake ya kunywa.

"Shikamoo baba," nikasema kwa mazoea, halafu nikavuta pumzi. "Mpagazi, umeamka au mzigo umekulalia?"

Kuku walikuwa wanaparura uani. Nikadhani nimemuumiza, nikashika kitasa niingie nimwombe radhi, ndipo sauti yake ikatoka, imekwaruza.

"Marahaba. Lakini mtani haamkii, mwanangu. Anza upya."

Nikarudi barazani, nikajikohoza.

"Mpagazi, umeamka au mzigo umekulalia?"

"Subiri nivae," akasema baba yangu, "mla nazi wewe."